Alituma habari kuwa amekufa ili mpenzi wake asije: Riwaya za tauni zinazomfaa kijana wa leo

Hebu fikiria hivi. Mpenzi wako anaishi kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima. Kwenu watu wanazikwa kila wiki, na wakazi wamekubaliana kwamba hakuna kutoka wala kuingia hadi ugonjwa uishe. Unamjua mwenzako vizuri. Ni mkaidi, tena anakupenda. Siku moja atachoka kungoja, avuke mpaka aje kukutafuta. Hakuna simu ya kumpigia. Hakuna WhatsApp ya kumwandikia ati "tafadhali usije". Ungefanyaje?

Mall Percival, msichana anayesimulia riwaya ya A Parcel of Patterns, alipata jibu moja tu. Alimtumia Thomas habari kwamba yeye Mall ameshakufa.

Ulikuwa uongo wa mapenzi, nia yake kumwokoa. Lakini kuna hesabu moja ambayo Mall hakuipiga: mtu anayeamini kwamba hana tena cha kupoteza haogopi tauni. Thomas alipopata habari zile ndipo alipoona hana sababu ya kukaa nje ya kijiji. Kilichofuata sitakisema hapa, maana kuna watakaonilaumu kwamba nimewaharibia utamu.

Riwaya hiyo iliandikwa na Mwingereza Jill Paton Walsh na kuchapishwa mwaka wa 1983 kwa ajili ya wasomaji vijana. Ina zaidi ya miaka 40 sasa, na wengi wetu hatukuwa tumezaliwa ilipotoka. Lakini ukiisoma baada ya yale tuliyopitia mwaka wa 2020, utadhani mwandishi alikuwa amekaa nasi sebuleni siku zile za kafyu ya saa moja jioni.

Robota kutoka London

Mall na Thomas ni wa kubuni. Kijiji chao si cha kubuni. Kinaitwa Eyam (wenyeji hutamka "Iim"), kiko katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, na majina ya waliokufa huko kati ya Septemba 1665 na Novemba 1666 yamehifadhiwa na kanisa la kijiji hadi leo.

Mwaka huo wa 1665 jiji la London lilikuwa limelemewa. Vifo vya tauni vilivyoandikwa rasmi vilizidi 68,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi kamili ilikaribia 100,000. Nyumba iliyopata mgonjwa ilifungwa kwa siku 40, wazima na wagonjwa humo humo, mlangoni pakachorwa msalaba mwekundu na mlinzi akasimamishwa nje. Mfalme Charles II na watu wake walihama mji. Matajiri wakapakia magari ya farasi wakaelekea mashambani. Maskini wakabaki. Hapo nadhani wengine mmeshaanza kutikisa vichwa.

Eyam ilikuwa mbali na balaa hilo, mwendo wa siku kadhaa kwa farasi. Kisha fundi wa nguo wa kijiji, Alexander Hadfield, akaletewa vitambaa kutoka London. Robota lilifika likiwa na unyevunyevu, basi msaidizi wake, George Viccars, akalifungua na kutandaza vitambaa karibu na moto ili vikauke. Ukiwahi kufika Gikomba alfajiri robota la mitumba linapokatwa kamba, unajua watu wanavyoinama karibu, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuchagua. Viccars naye aliinama. Masimulizi ya kijiji yanasema mlikuwa na viroboto ndani ya vitambaa vile. Siku chache baadaye alishikwa na homa, na tarehe 7 Septemba 1665 akazikwa. Baada yake wakafuata watoto wa nyumba ile ile, halafu majirani.

Jina la riwaya limetoka hapo. A Parcel of Patterns ni kama kusema "kifurushi cha mitindo ya nguo". Kitu cha urembo tu, cha mtu kutaka kupendeza. Mwandishi hakuhitaji jini wala mchawi.

Ugonjwa wenyewe ni mbaya kuusimulia, na riwaya hizi hazikwepi. Homa kali, kuweweseka, mitoki inayovimba kinenani, kwapani na shingoni hadi mtu hawezi kutulia kitandani. Wengi walikufa ndani ya wiki moja. Hakuna aliyejua chanzo chake. Walisema ni hewa chafu, wengine wakasema ni ghadhabu ya Mungu. Kule London wakuu wa jiji waliamuru mbwa na paka wauawe, yaani wale wale ambao wangewasaidia kupunguza panya! Ilichukua zaidi ya miaka 200 kabla ya Alexandre Yersin kukitambua kijidudu cha tauni akiwa Hong Kong mwaka wa 1894, na miaka minne baadaye Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kiroboto ndicho kinachokibeba kutoka kwa panya hadi kwa binadamu. Leo tauni inatibika kwa viuavijasumu mgonjwa akiwahi hospitali. Haijaisha duniani, lakini. Mwaka wa 2017 iliua zaidi ya watu 200 nchini Madagascar.

Mawe yenye siki

Baridi ilipofika, vifo Eyam vilipungua na watu wakaanza kupumua. Majira ya joto ya mwaka wa 1666 yakauamsha ugonjwa upya, sasa kwa nguvu zaidi. Wenye uwezo wakafikiria kuhama. Hapo ndipo kasisi wa kijiji, William Mompesson, kijana wa miaka 28 hivi, alipokuja na wazo ambalo limefanya Eyam ikumbukwe: tusitoroke. Tukitoroka tutaupeleka ugonjwa Sheffield na miji mingine. Tujifungie.

Tatizo ni kwamba wengi hawakumpenda sana. Alikuwa mgeni, na kasisi wa awali, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa kwa kukataa kanuni mpya za kanisa ilhali watu wengi bado walimfuata. Kwa hiyo Mompesson alimwendea hasimu wake, wakaketi, wakakubaliana, kisha wakasimama pamoja mbele ya watu. Mnamo Juni 1666 kijiji kikaweka masharti yake. Kila familia izike wafu wake yenyewe, shambani au bustanini, haraka iwezekanavyo. Kanisa lifungwe na ibada zifanyiwe bondeni, mahali panapoitwa Cucklett Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Na hakuna kuvuka mpaka.

Chakula kiliachwa mpakani. Mwinyi wa Devonshire, aliyekaa katika jumba la Chatsworth, alisaidia kwa mahitaji, na vitu vingine vililipiwa kwa sarafu zilizotumbukizwa ndani ya siki kwenye matundu ya jiwe, au kuwekwa kisimani. Jiwe moja la aina hiyo, lenye matundu sita, liko hadi leo. Siki ndiyo iliyokuwa kitakasa mikono chao. Nasi tulifika mahali tukaogopa noti ya shilingi 50, tukawa tunaambiwa tutumie M-Pesa.

Kuna jambo moja ambalo kila nikisoma kuhusu Eyam hunikwama kooni. Kabla ya masharti hayo kuanza, Mompesson alikuwa amewatoa watoto wake mwenyewe na kuwapeleka mahali salama. Mkewe, Catherine, alikataa kuondoka. Alibaki akiwahudumia wagonjwa na akafariki mnamo Agosti 1666, akiwa na umri wa miaka 27.

Sasa, mtu huyo alikuwa shujaa au alikuwa mnafiki? Unaweza kusema aliwaondoa wanawe kama mzazi yeyote ambavyo angefanya. Unaweza pia kusema kwamba wazazi wengine wa Eyam walikuwa na watoto vilevile, ila hawakuwa na jamaa wa kuwapokea mjini. Wapo wanahistoria wanaouliza kama wakazi wale kweli walichagua kubaki, au walibaki kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, huku vijiji vya jirani vikiwafukuza watu wa Eyam kila walipoonekana. Wanaosifu kijiji kile husema sana neno "kujitolea". Sijaona popote palipoandikwa kwamba vijana wa Eyam waliulizwa maoni yao.

Hiyo ndiyo nafasi ambayo riwaya inaingia. Daftari la kanisa linakupa jina na tarehe. Halikupi msichana wa miaka 16 aliyekuwa amesimama nyuma bondeni Juni ile, akiwasikiliza wazee wakiamua maisha yake.

Siku nane za Elizabeth Hancock

Kuna mambo ya Eyam ambayo hakuna mwandishi angethubutu kuyabuni, kwa kuhofia kuambiwa anatia chumvi. Elizabeth Hancock aliishi na mumewe na watoto wao kwenye shamba lililo kando kidogo ya kijiji. Mnamo Agosti 1666, ndani ya siku nane, alimzika mumewe na watoto sita. Peke yake. Inasimuliwa kwamba alifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya harufu, akawavuta mmoja mmoja hadi shambani, huku watu wa kijiji cha pili wakimtazama kutoka kilimani bila kusogea. Yeye mwenyewe hakuugua. Makaburi hayo, yanayoitwa Riley Graves, yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe na yanaweza kutembelewa.

Kisha kuna Emmott Sydall na Rowland Torre. Hawa ndio watakaokukumbusha Mall na Thomas, na jina la ukoo la Torre si bahati tu. Kwa mujibu wa masimulizi ya Eyam, Rowland alitoka kijiji cha Stoney Middleton, na wawili hao walizoea kuonana kwa mbali kule Cucklett Delf, yeye upande huu, Emmott upande ule, bila kuguswa, bila kusema mengi. Mnamo Aprili 1666 Emmott akaacha kuja. Rowland aliendelea kwenda bondeni bila kujua. Kijiji kilipofunguliwa mwishowe, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia.

Vifo vyote vilifika 260 hivi. Zamani iliaminika kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu, lakini watafiti wa siku hizi wanaona wakazi walikuwa karibu maradufu ya hapo. Kwa vyovyote vile, si familia nyingi zilizopona bila kaburi. Mompesson alipona. Alipohamishiwa kanisa jingine miaka michache baadaye, inasemekana waumini wake wapya walimwogopa hata akalazimika kuishi kibandani mbali nao kwa muda. Wale waliorudi kutoka karantini mwaka wa 2020 wakakuta majirani wamehamisha viti hawahitaji kufafanuliwa hilo.

Mbona ziandikwe kwa vijana?

Mtu atauliza, kwani watoto hawana mambo ya kufurahisha ya kusoma? Nimesikia walimu wakisema hivyo, na wazazi pia. Mimi naona kinyume. Mlipuko wa ugonjwa hufanya kitu kimoja ambacho riwaya ya vijana hukitafuta kila mara: huwaondoa watu wazima. Mama anaugua, baba amefungiwa mji mwingine, mwalimu hayupo, na kijana wa miaka 14 anabaki na wadogo zake na sufuria tupu. Maamuzi ni yake.

Berlie Doherty alilielewa hilo alipoandika Children of Winter mwaka wa 1985. Hii ni fupi na nyepesi zaidi, na kama wewe si msomaji sana ningesema uanze nayo. Watoto wa siku zetu wanajikinga mvua katika ghala kuukuu milimani, na ghafla wanajikuta katika karne ya 17, wakiwa watoto ambao wazazi wao wamewapeleka wakae humo peke yao msimu mzima wa baridi ili tauni isiwapate. Hofu kuu ndani ya kitabu hicho inatokana na mtu kubisha mlango, zaidi ya maiti. Akija mtu unayemfahamu, amelowa, anatetemeka, anaomba kuingia, utamfungulia?

Ukitaka damu zaidi, kuna Year of Wonders ya Geraldine Brooks, iliyotoka mwaka wa 2001. Hii si ya watoto, nawaonya mapema. Ina mambo ya kitandani na ya kikatili, na kurasa za mwisho zimewagawanya wasomaji vibaya sana. Mimi niko upande wa wasiozipenda. Lakini msimulizi wake, Anna Frith, mjane wa miaka 18 anayefanya kazi nyumbani kwa kasisi, ni mtu ambaye hutamsahau. Brooks alikuwa mwanahabari kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na unaona jicho hilo katika namna anavyoeleza chumvi, mchanga wa mgodi, maziwa ya kondoo.

Nje ya tauni yenyewe, usikose Fever 1793 ya Laurie Halse Anderson, iliyochapishwa mwaka wa 2000. Ugonjwa hapa ni homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu, na mji ni Philadelphia, uliokuwa makao makuu ya Marekani wakati huo. Katika miezi michache ya mwaka wa 1793 ugonjwa huo uliua watu wapatao 5,000, karibu mtu mmoja katika kila kumi mjini. Rais George Washington aliondoka. Msimulizi, Mattie Cook, ni msichana ambaye familia yake ina mkahawa wa kahawa, na wasiwasi wake mkubwa mwanzoni mwa kitabu ni kuamshwa mapema na mama yake afanye kazi.

Kilichonivutia zaidi ni Eliza, mwanamke mweusi aliye huru anayepika mkahawani. Kupitia kwake msomaji anakutana na jambo la kweli kabisa. Daktari maarufu wa mji huo, Benjamin Rush, alitangaza kwamba watu weusi hawapati homa hiyo, akawaomba wawahudumie wagonjwa. Walijitokeza, chini ya viongozi wao Absalom Jones na Richard Allen. Walikuwa wakiipata kama watu wengine, na walikufa kama watu wengine. Homa ilipopoa, mchapishaji mmoja wa mji huo akaandika kwamba baadhi yao walitumia nafasi hiyo kuiba na kutoza wagonjwa pesa nyingi. Jones na Allen walimjibu kwa kijitabu chao mwaka wa 1794, wakieleza waliyoyafanya, nyumba kwa nyumba. Anderson hakuyaacha hayo kwa kuwa anaandikia vijana. Ameyaweka mbele ya Mattie ayaone.

Jambo moja la lugha, hasa kwa mnaoandika hadithi. Paton Walsh hakumfanya Mall aongee kama msichana wa mwaka 1983. Sentensi zake zina mkunjo wa Kiingereza cha kale, na kurasa tano za kwanza zitakuchosha. Vumilia. Ukifika ya kumi sikio limezoea, na unaanza kumwamini kwa sababu haongei kama wewe. Waandishi wengi wa hadithi za kale hukosea hapo: wanavisha wahusika mavazi ya zamani, halafu wanawapa midomo ya TikTok.

Biashara Street, 1902

Nilipofunga A Parcel of Patterns, swali lililonijia halikuwa la Uingereza.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Mji ulikuwa mahema, mabati na tope. Tauni ilikuwa ikiisumbua Bombay tangu mwaka wa 1896, na meli kati ya Bombay na Mombasa hazikukatika. Mwaka wa 1902 tauni ikazuka Nairobi, katika soko la Wahindi lililoitwa Indian Bazaar, pale tunapopaita Biashara Street leo. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakujenga kuta wala kuweka mawe yenye siki. Waliamuru soko lichomwe. Maduka, nyumba za nyuma ya maduka, mali, vyote vikateketea.

Tauni ilirudi Nairobi tena katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, atazame hali ya miji ya Afrika Mashariki, na ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe katika makazi na biashara. Ubaguzi ulikuwepo kabla yake, lakini sasa ulipata koti jeupe la daktari. Ukipanda matatu kutoka Muthaiga hadi Eastleigh ukishangaa jinsi mji unavyobadilika ghafla dirishani, ujue kwamba panya na viroboto wamo katika hadithi hiyo.

Mimi sijakutana na riwaya ya vijana kwa Kiswahili inayoanzia siku ile soko lilipochomwa. Kama ipo, naomba mnitumie jina lake leo hii. Kama haipo, basi kuna mtu kati yenu anayepaswa kuiandika, na vifaa vyote viko mezani. Msimulizi ni nani? Binti wa mwenye duka, anayeambiwa achague kitu kimoja cha kubeba kabla moto haujafika? Kijana Mkikuyu aliyezoea kuleta maharagwe sokoni kutoka upande wa Kiambu, na asubuhi hiyo anakuta askari wamefunga njia, na deni lake liko ndani ya duka linalowaka? Mpagazi kutoka pwani, anayeona moshi akiwa kijiji cha Pangani na kukumbuka nani amelala wapi?

Watu hawa walizungumza Kiswahili kipi? Si cha kitabu cha sarufi. Kilikuwa Kiswahili cha reli na cha soko, kilichochanganyika na Kigujarati, Kikamba, Kikuyu na amri za Mzungu zisizo na ngeli. Atakayeweza kuandika hicho bila kukifanya kichekesho atakuwa ameshinda nusu ya vita.

Na usidhani mtu lazima awe ameyaona. Daniel Defoe aliandika kitabu chake kuhusu tauni ya London mwaka wa 1722, na wakati wa tauni yenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Alitegemea takwimu za vifo, matangazo ya serikali na wazee waliokumbuka. Aliandika haraka kwa sababu tauni ilikuwa imezuka Marseille kule Ufaransa, na watu wa London walikuwa na hofu itavuka bahari.

Kuna mfano mwingine ambao wazazi hupenda kuutaja, ule wa Isaac Newton. Tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1665 alirudi nyumbani kijijini akiwa na miaka 22, na huko akafanya kazi kubwa ya hisabati na mwanga. Mwaka wa 2020 mfano huo ulisambazwa mitandaoni hadi ukaudhi. Newton alikuwa na chumba chake, na hakuna aliyemtuma kisimani. Mtoto wa Darasa la Nane wa mwaka ule, aliyekaa nyumbani kuanzia Machi hadi Oktoba bila bando wala stima, akiuza ndizi barabarani ili kwao kule, ana hadithi yake, na naitamani kuliko ya Newton.

Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Anakumbuka bado harufu ya barakoa ya kitambaa iliyovaliwa siku tatu. Anakumbuka jirani aliyezikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe, mama yake akichungulia dirishani, na jina la rafiki ambaye shule zilipofunguliwa Januari 2021 hakurudi. Ayaandike hayo sasa, hata kwenye daftari la mraba, kwa majina na tarehe. Kuna mtu wa mwaka wa 2080 atakayeyahitaji kama Paton Walsh alivyohitaji daftari la Eyam.

Kwa wale wa Biashara Street: Maktaba ya McMillan iko Banda Street, mtaa wa karibu tu, na ina magazeti ya zamani. Makavazi ya Kitaifa yako Moi Avenue, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukipita katikati ya hizo mbili utakatiza maduka ya leso, mashuka na nguo za watoto wachanga, na ukibahatika utakuta duka moja wanafungua robota jipya mlangoni.